Barua ya wazi kwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani: sheria ya vita na iandikwe kwa ajili ya rais ambaye bado hajulikani

Mheshimiwa Spika,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia mimi nisiye raia wa nchi yako, nisiye na kura ya kukupa wala ya kukunyima. Naandika kwa sababu maamuzi ya vita yanayopitishwa, au yanayokwepwa, katika ukumbi unaouongoza huwafikia watu wasiowahi kumwona mbunge wenu hata mmoja. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi zenu za Nairobi na Dar es Salaam, watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao Wakenya. Siku 13 baadaye Rais Bill Clinton aliamuru makombora yarushwe Afghanistan na Sudan. Wapo wanasiasa wa Washington ambao, kabla hata ya kuuliza ushahidi dhidi ya kiwanda cha dawa kilichobomolewa Khartoum, waliuliza kama rais aliyebanwa na kashfa yake binafsi hakuwa akitafuta pa kujifichia. Nikiri kwamba Newt Gingrich, aliyekalia kiti chako wakati huo na ambaye hakuwa na sababu ya kumwonea Clinton huruma, aliyaunga mkono mashambulizi yale. Hata hivyo, iwe kwa kuunga mkono au kwa kushuku, mazungumzo yalimhusu mtu aliyetoa amri. Hakuna kura iliyopigwa kabla ya makombora kuruka.

Tangu hapo nimefuatilia mijadala yenu kuhusu nguvu za kijeshi, na ninachokiona ni hoja mbili zinazobadilishana viti kila Ikulu inapopata mpangaji mpya. Hoja ya kwanza inasema kwamba Amiri Jeshi Mkuu hapaswi kufungwa mikono wakati adui anatazama. Ya pili inasema kwamba Ibara ya Kwanza ya Katiba imelipa Bunge, wala si rais, mamlaka ya kutangaza vita. Zote mbili zina uzito. Kinachonisumbua ni kwamba chama kinachoshika hoja ya pili kwa machozi kikiwa upinzani huikabidhi kwa wenzake mara tu mtu wake anapoapishwa.

Sikutaja hayo ili kukipendelea chama chochote. Barack Obama, akiwa seneta anayewania urais mwaka 2007, alisema kwamba rais hana mamlaka ya kuamuru peke yake shambulio la kijeshi pasipo tishio halisi au la karibu dhidi ya taifa. Mwaka 2011 aliishambulia Libya bila idhini ya Bunge, na zilipokwisha siku 60 ambazo sheria humruhusu rais kupigana bila idhini, wanasheria wake walidai kwamba yaliyokuwa yakiendelea angani hayakufikia kiwango cha kuitwa uhasama. Nancy Pelosi, kiongozi wa Wademokrat, alikubali kwamba operesheni ile ilikuwa na mipaka kiasi cha kutohitaji idhini. Januari 2020, baada ya Jenerali Qassem Soleimani wa Iran kuuawa kwa amri ya Donald Trump, baraza lililoongozwa na Pelosi huyohuyo lilipitisha azimio la kumzuia rais kupigana na Iran. Upande wa pili, Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, alikataa mwaka 2013 kumruhusu Obama kuipiga Syria kwa sababu ya silaha za kemikali, kisha mwaka 2017 akampongeza Trump kwa kurusha makombora 59 katika nchi hiyohiyo kwa sababu ya silaha hizohizo. Wahenga walishasema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Naomba univumilie nikukumbushe tarehe 28 Aprili 1999, kwa sababu siku hiyo inaonyesha namna Bunge linavyoweza kufanya kazi nyingi bila kuamua lolote. Ndege za NATO zilikuwa zimekwisha kuipiga Yugoslavia kwa zaidi ya mwezi kwa ajili ya Kosovo. Baraza lenu lilikataa kutangaza vita kwa kura 427 dhidi ya 2. Likakataa kuwarudisha askari nyumbani kwa kura 290 dhidi ya 139. Lilipoulizwa kama linaunga mkono mashambulizi ya anga, kura zikalingana, 213 kwa 213, na azimio likaanguka. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha fedha za operesheni ileile. Mbunge Tom Campbell wa chama cha Republican alikwenda mahakamani pamoja na wenzake, na mahakama ikawaambia kwamba hawana haki ya kushtaki. Mabomu yaliendelea kuanguka kwa jumla ya siku 78. Miaka 12 baadaye, Libya ilipata kura za aina hiyohiyo: siku moja ya Juni 2011 baraza lilikataa kuidhinisha operesheni, na siku hiyohiyo likakataa kuipunguzia fedha. Askari aliye kazini aichukue kura ipi kuwa kauli ya taifa lake?

Najua utanijibu kwamba sheria ipo. Azimio la Mamlaka ya Vita la mwaka 1973, lililopitishwa licha ya kura ya turufu ya Richard Nixon, linamtaka rais atoe taarifa ndani ya saa 48 na kusimamisha mapigano baada ya siku 60 asipopata idhini, isipokuwa nyongeza ya siku 30 za kuwaondoa askari. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1983, uliolinyima Bunge uwezo wa kubatilisha peke yake hatua za serikali, azimio la kumzuia rais haliwi na nguvu ya sheria bila saini ya rais mwenyewe, au theluthi mbili katika mabaraza yote mawili. Trump alitumia turufu dhidi ya azimio la Yemen mwaka 2019 na lile la Iran mwaka 2020, na yote mawili yakafa. Kwa maneno mengine, kuanzisha vita kunahitaji mtu mmoja, na kuvisimamisha kunahitaji theluthi mbili ya Bunge. Waandishi wa Katiba walikusudia kinyume chake: mwaka 1787 walibadilisha maneno "kufanya vita" yakawa "kutangaza vita" ili rais abaki na uwezo wa kuzima shambulio la ghafla, na mengine yote yaje kwenu.

Ipo pia idhini ya kutumia nguvu za kijeshi ya Septemba 2001, iliyopita katika baraza lako kwa kura 420 dhidi ya moja, ile ya mbunge Barbara Lee. Iliandikwa kwa ajili ya waliopanga mashambulizi ya Septemba 11 na waliowahifadhi, haikutaja nchi wala kuweka tarehe ya mwisho. Kwa idhini hiyo marais wa vyama vyote viwili wamepigana Somalia na al-Shabaab, kundi ambalo halikuwapo idhini ilipopitishwa.

Ombi langu ni moja. Lete muswada unaofuta idhini ya 2001 na kudai kwamba kila idhini mpya itaje adui, itaje nchi, na ife yenyewe baada ya miaka miwili isipopigiwa kura tena, na kwamba fedha za operesheni isiyo na idhini zikatike zenyewe siku ya 60. Muswada huo uanze kutumika tarehe 20 Januari 2029, siku atakapoapishwa rais ambaye leo hakuna mbunge anayemjua jina wala chama. Ukisema uanze kesho, Warepublican watauona kuwa pingu za rais wao, na Wademokrat watautetea kwa bidii ambayo sitaiamini. Ukiuweka mbali, kila mmoja atalazimika kujiuliza angependa rais asiyempigia kura awe na mamlaka kiasi gani juu ya makombora.

Dharura haitazuiwa na muswada huu, kwani nchi ikishambuliwa rais anaweza kujibu saa hiyohiyo. Wala wabunge hawatapoteza haki ya kutofautiana juu ya Iran, Syria au Somalia. Watakachopoteza ni nafasi ya kungoja matokeo ya vita ndipo waseme walikuwa upande gani. Ndiyo maana naomba kura hiyo iwe ya majina, kila mbunge aandikwe alivyopiga.

Mheshimiwa Spika, naomba kuwasilisha.