Barua kwa Mwanangu: Mtoro Si Mgonjwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umeniandikia kwamba muhula huu mnaanza historia ya Marekani, mahusiano ya watu na saikolojia ya matatizo ya akili, na kwamba huoni masomo hayo matatu yanakutana wapi. Mimi naona yanakutana Richmond, Virginia, mwaka 1848.

Henry Brown alikuwa mtumwa katika kiwanda cha tumbaku mjini humo. Mkewe Nancy, aliyekuwa mjamzito, na watoto wao watatu walikuwa mali ya bwana mwingine, ambaye Henry alikuwa akimlipa fedha ili asiwauze. Akawauza. Kwa kuwa sheria haikuitambua ndoa ya watumwa, hapakuwa na pa kushtaki. Msafara wa waliouzwa ulipopita njiani, wakiwa wamefungwa minyororo, Henry alimshika mkewe mkono, wakatembea hivyo maili nne hivi, mioyo ikiwa imewajaa hata maneno hayakutoka.

Machi 1849 alijifungia katika sanduku la mbao lenye urefu wa futi tatu, akiwa na maji kidogo na biskuti chache, akapelekwa kama mzigo hadi Philadelphia, ambako hapakuwa tena na utumwa. Alikaa humo takriban saa 27, na kwa muda fulani sanduku liliwekwa kichwa chini miguu juu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1851, daktari Samuel Cartwright aliwaeleza madaktari wenzake wa Louisiana kwamba mtumwa anayetoroka ana maradhi ya akili. Aliyapa jina lenye asili ya Kigiriki, drapetomania, yaani wazimu wa utoro. (Neno utoro sisi tunalijua vyema: leo mtoro ni mtoto anayekwepa shule, lakini zamani pwani yetu alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, kama wale waliopata hifadhi Rabai, karibu na Mombasa.) Kuhusu mtumwa anayeonekana kununa bila sababu, alishauri achapwe viboko kabla hajatoroka.

Bila sababu! Mwanangu, hapo ndipo ninapotaka usimame. Utafundishwa kwamba tabia hupimwa kwa vigezo kadhaa: kama ni nadra, kama inamtesa mwenyewe, kama inamzuia kuendesha maisha yake, au kama inakiuka desturi za jamii. Cartwright alishika hicho cha mwisho peke yake, na desturi aliyoitumia kama mizani ilikuwa ya wenye watumwa. Maumivu ya watu kama Henry aliyaona kama dalili, bila kuuliza ni nani aliyewauza akina Nancy.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba maradhi yote ya akili yamebuniwa na wakubwa. Mjomba wako tulimwona sote alivyokaa siku tatu bila usingizi, akisikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia, na ni dawa zilizomrudisha kwetu. Lakini daktari aliyemsaidia alianza kwa kumuuliza yaliyompata, na kutuuliza sisi tunaoishi naye.

Yupo hapa barazani ninapoandika, na anakusalimu sana. Nilimsomea habari za sanduku, akataka kujua kama Henry alirudiana na mkewe. Nilimwambia kwamba hawakuishi pamoja tena, na kwamba baadaye Henry alioa mke mwingine Uingereza. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimsomee tena pale waliposhikana mikono.

Mama yako akupendaye.