Barua kwa mwanangu: plagi ya kushoto

Mwanangu,

Picha za zile plagi mbili za injini nimeziona. Nilivaa miwani, nikazikuza, nikazirudia tena. Ya kulia ni kahawia, rangi ya kiatu cha ngozi kilichozeeka. Ya kushoto nyeupe kama chaki. Na chini yake umeandika: "Mama, nimebadilisha jeti kuu mara tatu, bado tu." Nilicheka kidogo, kisha nikaacha, maana weupe huo ni njaa ya petroli, na kila ukiiwasha injini ikiwa hivyo unaila pistoni.

Hebu tulia, baba, uangalie ulichonacho. Banshee, hiyo pikipiki yako ya magurudumu manne inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, ina silinda mbili na kabureta mbili, kila silinda na yake. Tenki ni moja, oili ni moja, namba za jeti, vile vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta, umeweka sawa pande zote. Kosa lingekuwa ukubwa wa jeti, silinda zote mbili zingelalamika. Anayelalamika ni mmoja. Basi upande wa kushoto kuna kinachozuia petroli au kinachoingiza hewa ya wizi, na hizo jeti kubwa unazopachika zinamvimbisha wa kulia bila kumponya mwenzake.

Kuna neno jingine ulilipitisha haraka kwenye simu, nami nikalishika. Ulisema ukipiga resi ukaachia, injini inachelewa kurudi sailensa, ule mwendo wa chini bila kupiga resi, inabaki juu inalia, halafu ndiyo inashuka. Hiyo ndiyo sauti ya injini yenye njaa. Mara nyingi ni hewa iliyopita mlango wa nyuma, isiyopimwa na kabureta.

Kabla hujafungua chochote kikubwa, hamisha jeti. Za kushoto, kuu na ya sailensa, zipeleke kulia, za kulia zije kushoto, uweke plagi mpya zote mbili. Ukiendesha kidogo na weupe ukahamia kulia, jeti mojawapo ina uchafu. Ile ya sailensa ina tundu dogo mno, petroli iliyolala miezi kadhaa inaacha utomvu unaoiziba. Inyanyue uitazame kwenye mwanga. Usiichokonoe kwa waya, utaipanua na namba iliyoandikwa juu yake itakuwa uongo. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha ipulize kwa upepo wa kompresa.

Weupe ukibaki kushoto, toa vichujio vya hewa, ingiza kidole kwenye kila kabureta, sukuma eksileta taratibu kwa dole gumba. Slaidi mbili, vile vizibo vinavyoinuliwa na kebo ya eksileta, zinatakiwa ziinuke kwa pamoja kabisa. Mimi hutumia misumari miwili ya drili ya ukubwa mmoja, moja chini ya kila slaidi. Eksileta ikiguswa tu, zote mbili zinalegea kwa wakati mmoja. Mmoja ukitangulia, rekebisha kebo. Watu wengi hupoteza wiki nzima kwenye jeti, kumbe upande mmoja unafungua mapema kuliko mwingine.

Kisha kagua ule mpira unaoishikilia kabureta kwenye silinda. Uvue, uukunje kwa vidole. Mpira wa zamani huchanika kwenye mkunjo ambao ukiwa umefungwa huuoni. Wapo wanaopulizia dawa ya kabureta pembeni injini ikiwa inawaka, wakisikia mlio umebadilika wanasema hapa pameoza. Sikukatazi, ila hiyo ni dawa inayoshika moto, na haigusi kule ninakohofia mimi.

Ninakohofia ni sili ya krenki, kile kipete cha mpira kinachozuia hewa, upande wa kushoto, nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krenki. Ile ya kulia inakaa upande wa klachi, kwenye oili ya gia. Ikiisha, injini inanyonya oili hiyo, moshi mweupe unajaa na oili ya gia inapungua, kwa hiyo inajitangaza. Ya kushoto inakaa pakavu. Ikiisha inavuta hewa kimyakimya, na dalili yake ndiyo hiyo plagi yako.

Dawa ya kuacha kubahatisha ni kupima kwa upepo. Ziba njia ya ekzosi, ziba njia ya kabureta, unganisha pampu ndogo yenye geji, jaza hadi pauni 6, usizidishe maana sili zenyewe zinaweza kufumuka. Subiri dakika 6. Mshale ukikaa palepale, sili, gasketi na mpira ni vizima, na mimi nitakuomba radhi. Ukishuka, paka maji ya sabuni kila maungio mpaka mapovu yakuonyeshe. Flaiwili iwe imeshatolewa, la sivyo hayo mapovu utayaonea wapi?

Jeti tuziongelee baada ya hapo tu. Usipime kabureta kwenye injini inayovuja, utakuwa unapima tundu.

Ukishaziba, bandika utepe mweupe kwenye nyumba ya eksileta, chora mistari: imefungwa, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Ukiendesha, kosa likitokea angalia mstari, ndio utakaokuambia uguse wapi. Kuanzia sailensa mpaka karibu robo ni jeti ndogo, yaani ile ya sailensa, na skrubu ya hewa, pamoja na ule mkato wa chini ya slaidi. Katikati yote ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi. Kuanzia robo tatu kwenda juu ndiyo jeti kuu. Wewe ulikuwa unasumbuliwa sailensa ukabadilisha ya juu. Ni sawa na kumfunga bandeji mguuni anayeumwa sikio.

Skrubu ya hewa ianze mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokaza. Kumbuka ni ya hewa, siyo ya petroli. Ukiikaza unazidisha petroli, ukiilegeza unaipunguza. Injini ikiwa imepata moto, izungushe polepole hadi sailensa ipande juu kabisa. Kama kilele kimepatikana chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni ndogo mno. Kikipatikana zaidi ya miwili na nusu, ni kubwa mno. Sindano ina klipu na vijinafasi juu yake. Klipu ikishuka sindano inapanda, petroli inaongezeka. Kinyume chake, inapungua. Sogeza nafasi moja, ukaendeshe, urudi. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hutajua kipi kimefanya kazi.

Jeti kuu ianzie kubwa. Umeweka ekzosi mpya, ridi mpya, vile vibamba vya njia ya kuingizia hewa, na kifuniko cha boksi la hewa umekitupa, vyote vinaleta hewa zaidi, kwa hiyo namba ya kiwandani isahau. Ikiwa kubwa mno, juu kabisa injini itababaika, itagonga brr-brr kama inayovimbiwa, haipandi. Hiyo haiui kitu. Shuka namba moja moja mpaka kubabaika kuishe, kisha weka plagi mpya, tafuta sehemu ndefu tupu iliyo salama, funga kofia na viatu vyako, panda gia za juu, fungua mwisho. Ukiwa bado umeishikilia, zima kwa swichi na ukamate klachi kwa pamoja. Ukiachia eksileta kwanza, plagi itakusimulia habari za sailensa. Itoe, chukua tochi na kioo cha kukuza, tazama chini kabisa ndani, pale kaure inapozama kwenye chuma. Unatafuta kipete cha kahawia hapo. Hiyo ncha ya nje ambayo kila mtu anaitazama haisemi kitu kuhusu jeti kuu.

Na ukipata rangi nzuri, panda namba moja juu uiache hapo. Nakuambia hivi kwa sababu nilishawahi kujisifu. Nilipima mchana, jua kali, plagi ikatoka nzuri hata nikaionyesha watu. Kesho yake alfajiri, baridi, hewa nzito, nikafungua hadi mwisho kwenye njia iliyonyooka. Mlio ukawa mkali zaidi, mtamu hata, kwa sekunde kama tatu. Kisha magurudumu ya nyuma yakafunga. Nilipofungua silinda, aluminiamu ya pistoni ilikuwa imepakwa ukutani upande wa ekzosi. Hewa ya baridi ni nzito, inadai petroli zaidi, na mimi nilikuwa nimeipimia kipimo cha mchana bila akiba. Ukipanda mlimani ni kinyume, hewa nyepesi, itakubabaikia. Huko ndiko unaruhusiwa kupunguza.

Oili tuendelee na 32 kwa 1, yaani robo lita kwenye petroli lita 8. Najua kuna aliyekuambia uzidishe oili ili "ilainike". Ukizidisha, kila tone linalopita kwenye jeti lina petroli pungufu, na unaongeza njaa ileile tunayoikimbia. Ukibadilisha kipimo cha oili, upime jeti upya. Na zile jeti za Keihin alizokupa rafiki yako usizichanganye na za Mikuni kwenye kopo moja, ni kampuni mbili tofauti na namba zao hazilingani.

Fanya kwanza kuhamisha jeti na kupima upepo, unipigie uniambie mshale umefanyaje, kabla hujaagiza kitu. Ikiwa ni sili, flaiwili inatolewa kwa pula yake, kile kifaa cha kuivutia nje. Usiigonge kwa nyundo, nakujua.

Mama yako