Vipimo vyote safi ila koo halinipi amani, na sasa mke wangu anahisi kuna kitu namficha

Shikamoo shangazi, na wasomaji wenzangu habari zenu. Nina jambo linanisumbua karibu mwaka sasa, naombeni mnisome mpaka mwisho maana nikilifupisha mtaniona kichaa, na pengine hata nisipolifupisha mtaniona hivyohivyo lakini potelea mbali.

Mimi ni mwanaume, nina mke na watoto, umri unaisogelea 40. Sigara sijawahi kuvuta na pombe niliacha siku nyingi. Haya nayataja mapema kwa sababu najua ndo maswali ya kwanza mtakayouliza, na mwenyewe usiku huwa najihesabia hayohayo kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu.

Ilianza na mafua ya kawaida tu. Mafua yakaisha ila kooni kikabaki kitu, hapahapa kwenye kikoromeo, nasikia kama donge limekaa, nikimeza mate linapanda linashuka lakini haliondoki. Nikawa nakohoakohoa kulisafisha, nikasukutua maji ya chumvi, wapi. Kwenye duka la dawa nikapewa antibayotiki, nikamaliza dozi, donge liko palepale, na juu yake sasa ulimi ukaanza kuwa na utando mweupe na mdomo ukawa kama unaungua hivi.

Hapo ndo nikashika simu nikagugo. Jamani. Ukiandika utando mweupe kwenye ulimi na donge kooni, dakika tano nyingi umeshajizika. Nusu ya majibu yanasema saratani ya koo, nusu nyingine yanasema VVU. Kwamba antibayotiki yenyewe inaweza kuua bakteria wazuri wa mdomoni fangasi akapata nafasi ya kutanuka, hilo nilikuja kuelezwa baadaye sana na mtu aliyesomea, nikapewa dawa ya fangasi ya kumumunya na utando ukaisha. Lakini mpaka nafika huko nilikuwa nimeshapima VVU kimyakimya, jibu hasi, nikafurahi siku chache, halafu nikasoma habari za kipindi cha dirisha, kwamba kile kipimo cha haraka kinaweza kisione maambukizi mapya mpaka ipite kama miezi 3, nikaanza upya. Sasa kipindi cha dirisha cha nini wakati tangu nimeoa sijatoka nje ya ndoa? Akili inalijua hilo vizuri kabisa. Nikarudia kupima hata hivyo, hasi tena.

Na hapa ndo pameniharibia nyumbani. Mke wangu alikikuta kile kikaratasi cha majibu mfukoni wakati anafua. Akaniuliza kwa upole tu, baba watoto, ulikuwa unaogopa nini mpaka ukapime peke yako? Nikamwambia koo. Akanyamaza. Hebu jiwekeni kwenye nafasi yake, mume amepima VVU kwa siri na akiulizwa sababu anajibu koo. Tulienda tukapima wote wawili, wote salama, ila kile alichokiweka moyoni kipimo hakikukitoa. Siku hizi nikichelewa kurudi hasemi kitu, ananiangalia tu.

Nirudi kwenye koo. Nilipelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akanipulizia dawa ya ganzi puani akapitisha mpira mwembamba wenye kamera mpaka chini, nikaona mwenyewe kwenye skrini nyuzi zangu za sauti zinafunguka na kufunga, pekundu kidogo kwa nyuma lakini hakuna uvimbe wala kidonda. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ukiwa unakula, hilo donge lipo? Nikafikiria. Kumbe nikila halipo! Lipo nikimeza mate matupu, nikila linapotea, nikimaliza linarudi. Akasema mtu mwenye uvimbe huwa kinyume chake, chakula ndo kinagoma kupita, kinaanza kigumu, kinafuata laini, mwisho hata maji. Yangu akaiita globasi, kwamba misuli ya mlango wa juu wa mrija wa chakula inakaza, asidi ya tumbo ikipanda inachangia, wasiwasi unaikaza zaidi, na kila nikimeza mate makavu ili kujaribu kama bado lipo ndo naichokoza. Akaniandikia omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ninywe nusu saa kabla ya kula, akanikataza kulala na tumbo lililojaa, akasema niinue upande wa kichwani wa kitanda.

Nilitoka pale nimepona. Kweli kabisa, sikusikia donge siku ile wala kesho yake! Halafu siku moja napiga mswaki, wazo likaja: kamera aliipitisha haraka, je kama kuna kona hakuiangalia?

Tangu hapo ni kioo na tochi ya simu. Nimeujua mdomo wangu kuliko fundi aliyeuumba, Mungu anisamehe. Nikaona vinundu vikubwa vimejipanga nyuma kabisa ya ulimi, usiku huo sikulala, kumbe kila binadamu anavyo, huwa kama 8 hadi 12 vimekaa kwa umbo la V, ni vya kuonjea tu. Nikaona vidoadoa vya njano upande wa ndani wa mdomo, daktari wa meno akasema ni vitezi vya mafuta. Nikaona mstari mweupe ndani ya shavu, akasema hapo meno yanapogusana, na wewe inaonekana unabana meno usiku. Nikatoa kijiwe cheupe kinachonuka kwenye findo, nacho akasema ni mabaki tu yanakwama kwenye vishimo vya findo yanagandamana, wengi wanavyo. Kila kitu kina jina lake na kila jina halina shida, halafu nikifika nyumbani nagundua kingine.

Shingo nayo hivyohivyo. Kuna kitezi chini ya taya nilikibonyeza mpaka kikauma, na kilipouma nikasema si unaona, kinauma. Daktari akasema ukikibonyeza kila saa hata cha mtu mzima wa afya kitauma, acha mikono.

Picha sasa. Nilikuwa napiga picha za koo ili nilinganishe leo na wiki iliyopita. Binti yangu alichukua simu atafute picha za sherehe ya mdogo wake, akakutana na ndimi, yaani ndimi tupu, ukisogeza ulimi, ukisogeza ulimi. Alicheka sana yule mtoto. Mama yake hakucheka. Usiku akaniambia hataki tena nimwite aniangalizie koo na tochi, kwamba kila siku anaangalia, kila siku anasema hakuna kitu, na jibu lake halina kazi kwangu. Kisha akaongeza maneno ambayo ndo yamenifanya niandike barua hii: mtu haogopi ugonjwa hivi bila sababu, dhamiri ndo inayokukaba.

Shangazi, nilikosa cha kujibu. Nikikasirika naonekana mwenye hatia, nikijieleza naonekana nimetunga. Na kusema ukweli hata mimi sijui kwa nini naogopa hivi. Baba yetu mdogo alifariki kwa saratani ya umio, yaani huo mrija wa chakula, miaka mingi nyuma, nilikuwa kijana, nilikuwa mmoja wa waliomlisha uji mpaka ukawa hauteremki. Pengine ni hilo, pengine silo. Mke wangu hajawahi kunisikia nikilisimulia kwa kirefu, wala sijui kama nikilisimulia leo ataona ni jibu au ataona nimetafuta kisingizio cha marehemu.

Najua dalili za hatari, msihangaike kunitajia, nimezikariri: chakula kukwama, kupungua uzito bila kujipunguza, sauti kukwaruza zaidi ya wiki 3, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa muda huohuo, damu, uvimbe shingoni unaokua, sikio kuuma upande mmoja bila sikio lenyewe kuwa na shida. Sina hata moja. Uzito uko palepale, tena umeongezeka. Ila kuzijua kwenyewe kumekuwa ni kazi nyingine, kila asubuhi nazipitia moja moja, nasema neno kwa sauti nisikie kama imekwaruza, nameza nione, na nikishameza mara nyingi mfululizo mate yanaisha, koo linakuwa kavu, kumeza kunakuwa kugumu kweli, basi moyo unaenda mbio.

Yule daktari wa koo mara ya mwisho aliniambia hana kipimo kingine cha kunipa na kwamba angependa nionane na mwanasaikolojia. Akanieleza kuna tiba ya mazungumzo kwa ajili ya hofu ya magonjwa, wanakufundisha kupunguza kukagua na kuulizauliza kidogo kidogo, maana kila ukikagua unapata nafuu ya muda mfupi na akili inajifunza kwamba bila kukagua hakuna usalama, ndo maana unarudi. Hakuniambia naigiza, alisema donge nalisikia kweli na misuli inakaza kweli. Nilimwelewa. Kadi ya miadi ninayo kwenye droo, sijaenda.

Sababu ya kutokwenda ni mbili. Ya kwanza, naogopa nikishaandikwa kwenye faili kwamba tatizo ni la akili, siku nikiugua kweli hakuna atakayenisikiliza, kila nikilalamika watasema huyu ndo kawaida yake. Ya pili ni mke wangu. Nikimwambia naenda kuongea na mwanasaikolojia atasema si nilisema, kuna kitu kinakusumbua ndani.

Nimejaribu kuacha mwenyewe. Nilifuta zile picha zote, tochi nikaacha, nikawa natafuna bazoka nisisikie mate. Iliwezekana kwa muda, na donge lilipungua, hilo siwezi kukataa. Halafu kazini mtu mmoja akasimulia habari za jamaa yake aliyeambiwa ni asidi kumbe ilikuwa saratani, na mimi hapo nilipokaa nikaanza kumeza. Watu wanaosimulia hizo habari sijui wanafaidika nini, ila ndo hivyo.

Sasa naombeni ushauri, na tafadhali msinitajie dawa za mitishamba wala majina ya magonjwa mapya, nina ya kutosha.

Kwanza, kuna mtu aliyewahi kuwa na hili donge likaisha? Liliisha ghafla au lilififia mpaka ukasahau siku ya mwisho kulisikia? Na waliowahi kwenda kwa mwanasaikolojia kwa ajili ya hofu ya magonjwa, siku ya kwanza huwa wanakuuliza nini, na ulipokuja kuumwa kweli baadaye daktari alikuchukulia vipi?

Pili, shangazi, hili ni lako zaidi maana ndoa unazijua. Mke wangu nimwanzie wapi? Nimsimulie ya baba mdogo kwanza, au nimwombe tuende wote kwa yule daktari wa koo amsikie kwa masikio yake kwamba ugonjwa huu upo na una jina? Nawaza hili la pili lina nguvu kwa sababu halitoki mdomoni mwangu, lakini nahofia ataona nimemleta shahidi. Dada yangu, yeye ndo pekee mwingine anayejua, anasema nimwambie mke wangu aje kwenye miadi ya mwanasaikolojia, si ya koo, akae aulize chochote anachotaka. Sijui kama wanaruhusu watu wawili siku ya kwanza. Kama kuna anayejua aniambie, miadi ni wiki ijayo na nikiipitisha hii inabidi nianze kupanga foleni upya.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwenye Donge