Risala ya kikundi chetu kwa mgeni rasmi: matibabu kwa wasio na makaratasi

Mheshimiwa mgeni rasmi, diwani wetu kwenye baraza la mkoa na dada yetu wa Bukavu, mwenyekiti na kamati yako, wazee wetu, wakunga wawili mliokuja hapa moja kwa moja kutoka zamu, na nyie watoto mnaokimbizana huko nyuma, hamjambo? Wa kuamkiwa shikamoo, shikamooni.

Leo mkalimani hatumhitaji, mheshimiwa, kwa hiyo tutasema yote.

Kikundi hiki kilianza kama cha kufa na kuzikana tu. Mtu akifiwa tunachanga, tunapika, tunakaa na wafiwa, basi. Mambo ya sheria tumeingia kwa kusukumwa, maana watu walianza kutupigia simu usiku, eti nikienda hospitali polisi wataitwa? Sina kibali cha kuishi, nikijifungua nitalipishwa shilingi ngapi? (Miaka yote hii Sweden na bado tunasema shilingi.) Ikabidi tukae chini tusome.

Tulichokikuta ni kwamba nchi hii inayosifiwa kwa kumlea mtu tangu tumboni mpaka kaburini iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni tangu 1971, na kifungu cha 12 kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Kila mtu, hawakuandika kila mwenye namba ya usajili. Ila mtu mzima asiye na makaratasi alikuwa akiugua anatibiwa kwa dharura halafu anapewa bili nzima, bila ruzuku hata kidogo. Mwaka 2006 akaja Paul Hunt, mjumbe maalum wa UN wa haki ya afya, akazunguka, na kwenye ripoti yake ya 2007 akawaambia Wasweden waziwazi kwamba hili haliendani na haki za binadamu. Nadhani liliwauma, maana wao ndio wamezoea kuwakagua wengine. Na huko Göteborg, tangu 1998, madaktari na manesi wa Rosengrenska walikuwa wanawatibu watu hawa kwa kujitolea, bila kuuliza mtu kibali. Watu kama hao ndio walioisukuma serikali, sio mkataba peke yake.

Basi ikaja sheria namba 2013:407, ikaanza tarehe 1 Julai 2013. Mtoto chini ya miaka 18 anatibiwa sawasawa na mtoto yeyote wa hapa, hata kama wazazi wake wamejificha. Mtu mzima anapata kliniki ya ujauzito na kujifungua, ushauri wa uzazi wa mpango, kutoa mimba, na matibabu yasiyoweza kusubiri. Kumuona daktari ni krona 50. Tunashukuru, na tunasema kwa dhati kabisa, wapo humu ndani akina mama waliojifungua salama kwa sheria hii.

Sasa mheshimiwa, tatizo liko hapo kwenye kusubiri. Nani anaamua kwamba presha ya mtu inaweza kusubiri? Inatakiwa aamue daktari au mtaalamu mwingine wa afya anayekuhudumia, lakini kwa tunavyoona sisi mtu wa kwanza kuamua ni wa mapokezi, anauliza zile namba nne za mwisho za namba ya usajili wa mkazi, huna, anakuangalia, anaangalia kompyuta, anakwambia samahani. Hajui kwamba anaweza kukutengenezea namba ya muda, au anajua lakini foleni ni ndefu. Mwenzetu mmoja mwenye kisukari alirudishwa hivyo na kituo kimoja cha afya, hatukitaji, akaja kulazwa baadaye akiwa hajitambui, na mnajua wenyewe kitanda cha hospitali na chupa ya insulini kipi ghali. Hata Socialstyrelsen, bodi ya taifa ya afya, ilishasema mwaka 2014 kwamba kigezo hiki cha matibabu yasiyoweza kusubiri hakiendani na maadili ya udaktari na ni hatari kwa mgonjwa. Kwa hiyo sio sisi tu tunaolalamika.

Ukitaka kudai napo kuna kazi. Sheria ya afya ya hapa imeandikwa kama wajibu wa mkoa, haikuandikwa kama haki ambayo mgonjwa anaweza kuishika mkononi akaenda nayo mahakamani. Unaandika malalamiko, yanachunguzwa, unajibiwa kwa barua nzuri. Wenzetu wa Kenya wana kifungu cha 43 cha haki ya afya kwenye katiba ya 2010, na mwaka 2015 Mahakama Kuu Nairobi iliwapa ushindi akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na hela ya bili. Kwao unaweza kushinda kesi halafu ukaambiwa kanunue glovu mwenyewe. Hapa glovu zimejaa kabati zima lakini kesi huna.

Jambo jingine ni wakalimani. Tunaona watoto wa darasa la sita wanamtafsiria mama matokeo ya kipimo cha saratani. Halafu vyama vilivyosaini makubaliano ya Tidö, yale ya kuunda serikali mwaka 2022, viliandika kwamba wenye kibali cha kuishi na wenye uraia wasipewe tena mkalimani wa kulipiwa na serikali. Yaani mtoto huyo huyo ndio aajiriwe rasmi? Tunauliza tu.

Ombi letu sasa. Sheria hiyo hiyo ya 2013 inauruhusu mkoa kuwapa watu wazima wasio na kibali matibabu zaidi ya yale ya lazima, mpaka sawa na mkazi mwingine yeyote, na ipo mikoa iliyokwishaamua hivyo. Bunge la Stockholm halihusiki, ni kura ya baraza lenu. Tunaomba upeleke hoja hiyo. Na wakati inajadiliwa, mkoa utoe maelekezo ya ukurasa mmoja kwa wafanyakazi wa mapokezi jinsi ya kutengeneza namba ya muda, na tangazo la Kiswahili libandikwe ukutani, tafsiri tutafanya sisi bure, mwalimu wetu wa Kigoma na mama wa Uvira wameshakubaliana kuhusu maneno ingawa waligombana wiki nzima.

Barua ya hoja tumeshaiandika kwa Kiswidi, imesainiwa na wanachama wote wenye uwezo wa kusaini bila hofu. Tunaomba katibu aje mbele amkabidhi mgeni rasmi.