Waafrika Gani, Mama?

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Eastlands tu wazima, na natumaini kazi ya huko Westlands haikuchoshi sana. Ile makala yako ya Kiingereza nimeisoma jana baada ya kufunga kibanda. Kiingereza kimenyooka, hilo sina ubishi. Ila umeanza kwa kusema Waafrika wanapenda mitumba kwa kuwa ni rahisi. Waafrika gani, mama? Bara hili lina nchi 54 katika Umoja wa Mataifa, na mojawapo, Rwanda, ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 ili watu waiache.

Tuyaache ya Rwanda. Hapa sokoni Gikomba kwenyewe, belo likifunguliwa alfajiri kuna wateja wamekwisha kusimama, macho kwenye kamera tu, zile nguo za daraja la kwanza. Hao hawababaishwi na bei. Wanatafuta koti ambalo hawatamkuta mwenzao nalo ofisini. Anayehesabu shilingi huja jioni, tukiwa kwenye fagia, yale mabaki ya bei ya chini. Wewe umewatia wote gunia moja, na ilhali karo yako imetoka kwa wote wawili.

Halafu hao wenye maduka ya vitambaa pale Biashara Street umewaita Asian. Msomaji wa London atakuelewa, kwani kwao jina hilo humwendea kwanza mtu wa asili ya India, Pakistan au Bangladesh. Wa Marekani atadhani unasema Wachina au Wakorea. Taja asili yao moja kwa moja, na usisahau kwamba ni Wakenya: serikali iliwatambua mwaka 2017 kuwa jamii ya 44.

Sisemi neno pana halina kazi. Sisi hapa mjini ni Waluhya, na wakati wa kura jina hilo lina uzito kuliko Mmaragoli, Mbukusu na Mtiriki kila mmoja kivyake. Lakini nyanya yako akimwambia jirani kule kijijini kwamba yeye ni Mluhya, atachekwa. Jirani anataka kujua ukoo.

Ile “kila mtu” na “siku zote” uliyomwaga ukurasa wa pili, futa tu.

Kabla hujaituma, njoo Jumamosi alfajiri uwaulize wateja wenyewe. Uvae viatu vya kufunga. Mvua imenyesha na Gikomba unaijua.

Mama yako