Mama, nisomee hii ukiwa peke yako

Leicester, Uingereza

Mama, shikamoo. Mie mzima. Baba mpe shikamoo yake, wadogo zangu wasalimie.

Uliniuliza mbona sauti imepoa. Siku ile uliniweka spika, baraza imejaa watu, nikashindwa kusema.

Kazi yenyewe naipenda. Nazunguka nyumba kwa nyumba kuwaogesha wazee, kuwabadilisha nepi, kuwapa dawa na chakula. Wengine wamepangiwa dakika 15. Dakika 15, Mama! Yuko bibi mmoja vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Sweta analitaka lifungwe vifungo vyote mpaka shingoni, na hapo tu dakika tano zimekwenda. Akinishika mkono nisiondoke, simu inalia: meneja. "Bado uko hapo?" Anatuona kwenye programu ya simu tulipo. Njiani kati ya nyumba na nyumba hatulipwi. Natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 3 usiku, nalipwa masaa manane tu.

Huyo meneja ndiye anayenikosesha usingizi. Ukiugua, umekosea. Ukiuliza mshahara, wiki inayofuata zamu zimekatwa. Kisha anakukumbusha mbele ya wenzako nani anayekudhamini. Viza yangu inategemea kampuni hii. Wakinitoa, uhamiaji kwa kawaida wanakupa siku 60 upate mdhamini mwingine au uondoke. Ndiyo maana watu wazima, wenye watoto, wanainamisha vichwa kama wanafunzi.

Mwezi uliopita alitaka nisaini kwamba nilikaa dakika 30 kwa mzee niliyekaa naye 12. Alinisukumia karatasi mara tatu. Nikamwazia bibi wa sweta, nikakataa. Tangu hapo napewa zamu za mbali, tena chache. Nimejiunga na chama cha wafanyakazi, UNISON, wananisaidia kuandika malalamiko kwa CQC, wakaguzi wa huduma hizi. Naogopa, Mama, lakini jina langu siliweki kwenye uongo juu ya mgonjwa.

Kwa hiyo mwezi huu natuma nusu. Lipeni ada kwanza, bati za jikoni zisubiri.

Na mtoto wa shangazi asimpe yule wakala hata shilingi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 viza ya uhudumu wa wazee haitolewi tena kwa anayeomba akiwa nje ya Uingereza. Mwambie leo, kabla hajauza kiwanja.

Mwanao.