Mwongozo usiotolewa humwachia mlinzi wa mlangoni kazi ya waziri

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo wasomaji wengi huenda wamelipita haraka katika habari za kigeni, nalo ni kuchelewa kwa serikali ya Uingereza kutoa mwongozo kuhusu nani aruhusiwe kuingia katika sehemu zilizotengewa wanawake pekee, yaani vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo, wodi za hospitali na nyumba za kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo. Watakuwapo wa kusema kwamba hayo ni ya wenyewe huko ng'ambo. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya umma hapa Nairobi, na tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, wapo wenzetu waliokwenda kufanya kazi huko na kuvalia sare zao katika vyumba hivyo hivyo vinavyobishaniwa. Lakini hata kama asingekuwako Mkenya hata mmoja, ucheleweshaji wa namna hiyo ungetuhusu, kwa sababu hapa kwetu tumeuzoea mno.

Tarehe 16 Aprili 2025, majaji watano wa Mahakama ya Juu mjini London waliamua kwa kauli moja kwamba Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inapomtaja mwanamke, humkusudia mtu aliyezaliwa na jinsia ya kike. Majaji hao hao walisisitiza kwamba watu waliobadili jinsia wangali wanalindwa na sheria hiyo dhidi ya ubaguzi na unyanyasaji, na wakatahadharisha kwamba uamuzi wao usichukuliwe kuwa ushindi wa kundi moja juu ya jingine. Siku chache baadaye Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ilitoa maelezo ya muda, ikakusanya maoni ya umma kuanzia Mei hadi mwisho wa Juni, yakafika zaidi ya 50,000, na tarehe 4 Septemba ikamkabidhi Waziri wa Wanawake na Usawa, Bridget Phillipson, rasimu kamili ya mwongozo. Kilichosalia ni waziri kuiidhinisha na kuiwasilisha bungeni, ambako hukaa siku 40 kabla ya kuanza kutumika. Mwezi Oktoba tume ikayaondoa yale maelezo yake ya muda. Mwaka 2025 ukaisha na mwongozo haujawekwa mezani, na kwa hiyo kwa miezi kadhaa nchi nzima ilikuwa na uamuzi wa mahakama ya juu kabisa bila waraka rasmi wa kumwambia meneja wa hospitali au mwenye ukumbi wa mazoezi afanye nini Jumatatu asubuhi.

Serikali ilijitetea kwamba jambo hili ni zito na linahitaji uangalifu. Nakubali kwamba ni zito, na nisingependa waraka ulioandikwa kwa pupa. Lakini uangalifu huonekana kwa kazi yake. Waziri asiyeridhika na rasimu huirudisha kwa waliomletea, akiwa ameandika ni kifungu gani kinachomtatiza na anataka kirekebishwe kufikia tarehe gani. Kuikalia faili mwezi baada ya mwezi si kusimama katikati ya pande mbili, kwa sababu milango ya vyoo na wodi haifungwi kusubiri waziri amalize kutafakari. Kila siku kuna mtu anayeufikia mlango huo, na kuna mwingine anayepaswa kumwambia aingie au asiingie, na huyo wa pili mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika jengo. Huko Uskoti na kaskazini mashariki mwa Uingereza, wauguzi wamelazimika kuwafikisha waajiri wao mbele ya mabaraza ya kesi za kazi kwa sababu ya vyumba vya kubadilishia nguo. Aliyebadili jinsia naye katika miezi hiyo alikuwa akienda kazini asubuhi bila kujua ni mlango upi atakaoruhusiwa kuingia siku hiyo, na hakukuwa na ofisi ambayo angeweza kuiuliza ikampa jibu litakalodumu hadi kesho yake.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu, ingawa si kwa sura ile ile. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, usiku mmoja tulipokea mgonjwa aliyeletwa na wasamaria wema baada ya kugongwa na bodaboda. Kitambulisho chake kilisema jambo moja na umbo lake likaonyesha jingine, na alikuwa na maumivu makali ya nyonga. Tulipomfikisha kwenye wodi ya wanawake, askari wa mlangoni akanyoosha mkono kumzuia, huku akinitazama mimi nimwambie la kufanya. Ndani, akina mama waliokuwa wamelala vitanda viwili viwili karibu, wengine wakiwa wametoka kufanyiwa upasuaji siku hiyo, walivuta leso zao hadi shingoni, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyo ndiye atakayelala kando yake. Swali lake halikuwa na chuki yoyote. Pazia la kitanda chake lilikuwa limekatika na lilibaki likining'inia kwenye ndoano mbili. Nilimpigia simu mkuu wa zamu, naye akanijibu nitumie busara yangu. Basi mgonjwa akalala kwenye korido, karibu na toroli la kufungia vidonda, akipitwa na kila mtu aliyekuwa akienda msalani, mpaka daktari alipokuja asubuhi. Mgonjwa huyo hakupata stara, wale akina mama hawakupata utulivu, na askari aliyelaumiwa na pande zote mbili hakuwa amepewa hata karatasi moja ya kumwongoza. Ninaposikia waziri wa nchi yoyote akisema mambo haya yaachwe kwa busara ya wahudumu, namkumbuka askari huyo.

Kenya haiwezi kusema kwamba haijawahi kuonywa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kesi ya mfungwa mmoja huntha, yaani mtu aliyezaliwa na alama za jinsia zote mbili, aliyefungwa katika gereza la wanaume la Kamiti na akawa anafanyiwa upekuzi wa kumdhalilisha. Mahakama haikukubali madai yake yote, lakini iliona kwamba alitendewa unyama, ikaagiza alipwe fidia ya shilingi 500,000. Miaka minne baadaye ikapitishwa Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya mwaka 2014, ambayo inampa huntha haki ya kuchagua jinsia ya ofisa atakayempekua. Naitaja sheria hiyo kwa heshima, kwa sababu inaonyesha kwamba jambo gumu la aina hii linaweza kuandikwa kwa maneno machache, askari jela wa kawaida akayasoma na kuyatekeleza, bila mtu yeyote kupokonywa utu wake. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha 1,524 nchini.

Nje ya magereza tumesimama pale pale. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inataka wanawake na wanaume wazuiliwe katika seli tofauti, na watoto wasichanganywe na watu wazima, jambo ambalo ni jema na halina mjadala, lakini haimwelezi mkuu wa kituo chenye seli mbili ampeleke wapi msichana wa miaka 15 saa saba za usiku wakati seli moja ina wanaume na nyingine ina wanawake watu wazima. Ibara ya 28 ya Katiba inalinda utu wa kila mtu na Ibara ya 43 inampa haki ya usafi wa mazingira unaofaa, ilhali katika masoko yetu mama muuza mboga anaweza kukuta choo cha wanawake kimegeuzwa stoo ya magunia, akalazimika kupanga foleni moja na wanaume mbele ya mlango usio na komeo. Akilalamika, karani wa soko humtuma kwa kaunti, na kaunti humtuma kwa karani.

Wala si mara ya kwanza kwa haki ya wanawake kuandikwa kisha ikaachwa bila utaratibu wa kuitekeleza. Kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia, inayotaka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya umma, imo katika Katiba ya 2010, Bunge likapewa miaka mitano kuitungia sheria, likajiongezea mwaka mmoja, na mnamo Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje kwa kushindwa kutimiza wajibu huo. Halikuvunjwa, na sheria haikutungwa.

Ombi langu ni kwamba Wizara ya Afya, Huduma ya Taifa ya Polisi na serikali ya Kaunti ya Nairobi, kwa kushirikiana na Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, zitangaze tarehe ya kutoa mwongozo wa maandishi kuhusu wodi, seli, vyoo vya umma na nyumba za kuwahifadhi wanawake. Wasikilizwe wanawake wanaozitumia sehemu hizo, na miongoni mwao wale waliobakwa au kupigwa, ambao kwao mlango unaofungwa ni sehemu ya matibabu. Wasikilizwe pia huntha na watu waliobadili jinsia, kwa sababu mwongozo unaosema wasiingie hapa bila kusema waingie wapi haujakamilika, na utamrudisha mgonjwa mwingine kwenye korido. Kisha waulizwe askari, wauguzi na makarani wa masoko kama wanaielewa rasimu, kabla haijatiwa saini. Uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, uchapishwe katika gazeti rasmi la serikali, na useme waziwazi ni nani wa kupigiwa simu pale mhudumu anapokwama. Na kama Wizara inaona kwamba kazi hii ni ya kaunti, iseme hivyo kwa maandishi, nayo kaunti itujulishe itaianza lini.

Muuguzi,
Buruburu, Nairobi